Alama ya Kila Gunia

Mzee Komeo alikuwa mwana wa mtunza ghala, mjukuu wa mtunza ghala na kitukuu wa mtunza ghala. Wazee wake walishika ufunguo wa ghala moja lililohifadhi nafaka za koo nyingi, kila gunia na alama ya mwenyewe, wala hakutokea mtu aliyelalamikia punje yake. Ndiyo maana aliketi wima kama mwimo katika chumba cha walimu cha shule ya mlimani, vifungo vyote vya koti vimefungwa, akimsikiliza mjukuu wake akieleza kazi ya mikono yake.

"Babu, utaiva humo ndani," binti alimnong'oneza.

"Heshima haioni joto. Endelea."

Binti alikuwa ameunda programu ya kutunza mitihani. Shule nyingi ziliitumia kwa mtandao, na mitihani yao ilikaa katika hifadhidata moja, kwenye majedwali yale yale, kila mstari ukiwa na alama ya shule yake.

"Ghala la ukoo hilo," mzee alisema, kidevu juu.

Mwalimu mkuu wa shule hiyo, mama mcheshi, aliomba kujaribu kabla ya kutia saini mkataba wa kuitumia. Katika kisanduku cha kutafutia akaandika "hesabu". Mtihani wa kwanza kujitokeza ulikuwa wake, aliokuwa ameuweka kwa majaribio. Wa pili ulikuwa wa shule ya bondeni, mahasimu wao wa jadi: maswali na majibu yake, wa kufanywa kesho.



"Makubwa!" mama akaangua kicheko. "Wenzetu wamevuliwa nguo sebuleni! Binti, fumba mdomo tu, nami natia saini mkataba sasa hivi."

Macho yalimtoka mzee pima. "Mjukuu wangu, alama iko wapi?"

"Ipo, babu. Ila kila ombi linaloingia kwenye hifadhidata, mimi ndiye ninayeliandikia liangalie alama. Kwingine kote niliandika. Kwenye utafutaji nilisahau."

"Kwa hiyo ghala lenyewe halina komeo? Linalindwa na kumbukumbu yako?"

"Ningeweza kuiamuru hifadhidata yenyewe ikatae kutoa mstari wa mwingine, hata nikisahau. Niliona itanichelewesha."

Mzee alishika ukingo wa meza. Vizazi vyote vile, na aibu imefika leo, mchana kweupe, mbele yake!

Binti alimtazama, kisha akautazama mkataba. Akachukua simu, akampigia mwalimu mkuu wa shule ya bondeni.

"Mwalimu, shikamoo. Badilisheni mtihani wa kesho, umeonekana na watu. Kosa ni langu. Naifunga programu kwa shule zote mpaka niirekebishe."

Yule mama akairudisha kalamu mkobani bila kucheka.

"Mkataba umekwenda, babu," binti alisema mlangoni.

"Na uende. Jina limebaki."

Nanyi vijana mnaokabidhiwa mali za watu wengi chini ya paa moja, sikieni: kumbukumbu si kufuli. Tieni komeo kwanza, ndipo mpokee gunia la kwanza.