Kwenu, Kwetu

Barua zenyewe hazikuwa na uchawi wowote. Mimi ni dalali wa nyumba, nimepita mtaani kwenu, nimeipenda nyumba yenu, mkifikiria kuuza au kupangisha msinisahau, ningefurahi kufika kwenu siku mtakayopanga. Basi. Kazi ilikuwa kuziandika kwa mkono, moja baada ya nyingine, maana bosi alishikilia kwamba barua ya kompyuta watu wanafutia vioo, lakini ya mkono wanaionea haya kuitupa. Nyuma ya mgongo wake bosi huyo aliitwa Kamisheni, na jina lilimkaa sawasawa.

Mwenye mwandiko mzuri pale ofisini alikuwa Kitinda. Jina hilo alipewa na mama yake kwa kuwa ndiye kitinda mimba, na hata sasa, mtu mzima mwenye mvi mbili tatu, hakuwa na jina jingine alilolipenda kama hilo. Ila miezi ya karibuni mama alikuwa amelisahau. Akili ilikuwa imeanza kumpiga chenga. Alimwita mwanawe "dada", kwa adabu zote, kama unavyomwita muuza duka usiyemjua.

"Dada, samahani, nisaidie maji."

Jamani! Umzae mtu, umlee, umbebe mgongoni, halafu umwombe maji kwa samahani? Kitinda alimpa maji, kisha akaingia bafuni na kufungua bomba ili kilio chake kisisikike.

Na kila jioni mama alichukua mkoba wake, akaketi karibu na mlango wa vile vyumba viwili walivyopanga, akasema, "Sasa niende nyumbani. Nimekaa vya kutosha."

Kitinda alijua fika ni nyumbani gani. Ni ile nyumba ya baraza refu aliyoijenga baba mwenyewe, tofali kwa tofali. Baba alipofariki, kaka zake baba wakakaa kikao, wakaiuza, wakagawana, na mama na wanawe wakaoneshwa lango. Tangu hapo Kitinda alikuwa radhi kuzunguka njia ndefu kuliko kupita mbele ya lango lile. Aliuza nyumba za watu, akasifia majiko ya watu, na moyo wake ulikuwa bado umekaa mle. Sasa kukawa na wazo lililomganda kama kupe: mama akiingia tena mle ndani, hata kwa saa moja, akili itamrudia, na jina litarudi pamoja nayo.

Ndipo Kamisheni akampa mitaa ya kuandikia, na mtaa wa nyumba ya baba ukiwemo.

Barua ya nyumba ile ilimtoa jasho. Alichotaka kuandika ni: nawaomba mniruhusu niingie. Akajizuia, akaandika yaleyale aliyowaandikia wengine. Kamisheni akaisoma, maana kila barua lazima aisome, ingawa macho yake yalitafuta jina la ofisi na namba ya simu tu.

"Safi," akasema. "Funga bahasha."

Siku chache baadaye simu ikaita. Ilikuwa sauti ya mwanamke mtu mzima.

"Wewe ndiye dalali uliyeniandikia?"

"Ndimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Nyumba siuzi, nikwambie mapema tusipotezeane muda. Ila kuna jambo limenikera. Umeandika hapa, ningefurahi kufika kwetu. Kwetu wapi? Kwangu kumekuwa kwenu tangu lini?"

Kitinda akahisi masikio yanawaka moto. Herufi moja tu, na hiyohiyo ndiyo imemuumbua!

"Nimekosea, mama. Nilitaka kuandika kwenu."

"Mwenye mwandiko kama huu hakosei hivihivi."

Dalali mwingine angechekacheka, akaomba radhi, akakata simu. Huyu akamwaga yote: baba, tofali, kikao, mkoba wa mama kila jioni.

"Mlete Jumamosi," sauti ikasema. "Nilikuwa nesi hadi nikastaafu, wagonjwa wa hivyo nawajua. Lakini usitegemee muujiza."

"Sitegemei, mama."

Mwongo mkubwa! Hadi Jumamosi hakutegemea kitu kingine chochote.

Nesi mstaafu aliwapokea kwa uso mkunjufu na chai ya maziwa. Mama akakaa mkao wa mgeni, ukingoni mwa kiti, mkoba mapajani.

"Mama, lione lile dirisha. Ulikuwa unakaa pale ukitusuka."

"Zuri," mama akasema. "Wana dirisha zuri."

"Na chumba chenu na baba ni kile."

"Hongera zao."

Kitinda akakusanya vikombe apate kisingizio cha kuondoka pale. Jikoni kulikuwa na giza, na mkono wake ukashuka wenyewe nyuma ya mlango, chini kabisa, kutafuta swichi. Ukakuta ukuta mtupu.

"Tuliihamisha," nesi akasema nyuma yake. "Fundi alituambia aliyeiweka chini vile alikuwa amelewa."

"Baba aliiweka chini ili niifikie," Kitinda akasema, na machozi yakamtoka. Mama wala hakuikumbuka nyumba hii. Aliyeilia miaka yote ni yeye, Kitinda.

"Kitinda!" Sauti ilitoka sebuleni, kali, ya enzi zile. "We Kitinda! Hebu toka huko jikoni kwa watu! Tutakaa hadi watuchoke? Twende nyumbani!"

Akatoka mbio, mdomo wazi. Mama alikuwa tayari amesimama, mkoba mkononi.

"Nyumbani wapi, mama?"

Mama akamtazama kama mtu anayemtazama mpumbavu. "Kwetu. Kule unakonipikia chai kama maji ya kuoshea vikombe. Hii ya mwenzangu hapa ndiyo chai."

Nesi akaangua kicheko. Kitinda naye akacheka, huku analia, akamkumbatia mama hadi akaambiwa basi, anamkunjia nguo.

"Tangulia langoni, mama. Nimesahau kitu jikoni."

Hakuwa amesahau kitu. Aliinama nyuma ya mlango, akaweka kiganja pale chini ukutani, kimo cha mtoto, akakiacha hapo hadi alipoitwa mara ya pili.