Vyungu Visivyokauka
Kila asubuhi, hata kabla ya kumeza dawa, Pol alimuuliza mkewe kama tulipu zimetokeza. Imelda alijibu bado, baridi haijaisha. Uongo mtupu. Machi ilikuwa ukingoni, na kwa jirani wa chini, hapo hapo Anderlecht, mtaa wao wa ughaibuni, majani yalishachomoza zamani.

Za Pol hazikuwa yale maua marefu ya dukani. Zilikuwa tulipu za porini, fupi kama kidole, alizoziotesha kwa mbegu katika vyungu vya kokoto kwenye roshani, baada ya kuuza nyumba yenye bustani ya mawe. Kutoka mbegu hadi ua la kwanza ni miaka. Hizi zilitarajiwa kuchanua mwaka huu, na daktari alishasema wazi kwamba mwaka mwingine Pol hana.

Siku hiyo Imelda uvumilivu ulimwishia. Akachukua kijiko, akafukua chungu cha kwanza. Kitunguu cha tulipu, kile kinachobaki udongoni, kikapasuka vidoleni, ute mtupu, kinanuka. Akafukua cha pili, kisha akavipindua vyote sakafuni, akipekua udongo huku akimwomba Mungu ampe kimoja tu kilicho kizima. Hakupewa.

Pol alisikia vishindo, akataka aletewe chungu. Akatia kidole kwenye udongo, akakinusa. Kwa Kiswahili chake cha miaka ya ualimu Tabora, akauliza kwa upole kama vilimwagiliwa kiangazi kilichopita, alipokuwa amelazwa hospitali.

Vilimwagiliwa, tena kila siku. Angeachaje? Imelda ni mtu wa Dodoma, kakulia kwenye maji ya kuchota mbali. Kuacha mmea ukauke juani mbele ya macho yake kulimshinda. Isitoshe alikuwa ameweka nadhiri moyoni: maadamu vyungu havikauki, Pol hafi.

"Kiangazi zinalala, Imelda," alisema Pol. "Zikipata maji zinaoza."

"Mbona hukuniambia, mzee?"

Pol alipangusa kidole chake chenye udongo kwenye shuka.

"Kukuambia ilikuwa ni kukukabidhi tulipu, kama anayeaga," alisema. "Sikuwa tayari kukukabidhi."

Imelda alikaa ukingoni mwa kitanda, mikono imejaa tope. Alimwonea hasira, akamwonea huruma, akajionea mwenyewe uchungu ambao hakujua auweke wapi.

"Basi niambie na mengine," alisema. "Yote ambayo hujaniambia."

Pol akamshika mkono ule wenye tope. Akaanza na mahali anapotaka kuzikwa.