Kidole Kimoja cha Mteremko

Mwashi huyu watu walimwita Pimamaji, na alikuwa na tatizo moja tu: hakuwahi kukosea. Si mimi ninayesema. Alikuwa akisema mwenyewe, kila alipompata mtu wa kumsikiliza. Miaka thelathini na ushee alijenga nyumba za watu, madarasa na vibaraza vya maduka, na kila alipomaliza sakafu alimwaga kopo la maji katikati ya chumba, akarudi nyuma, mikono kiunoni, akayatazama yakikimbilia mlangoni bila kusukumwa. "Maji yakilala ndani," alikuwa akisema, "ujue fundi naye alilala." Hapo atakunja mdomo, kidevu juu, angojee sifa zake. Na sifa alipewa, kwa sababu kweli alijua kazi.

Kitu kimoja tu nyumbani kwake kilikuwa hakijakaa sawa, meza ya jikoni. Iliinamia upande wa mlangoni, ukiweka kitunguu juu yake kinabingirika. Chini ya miguu miwili palikuwa na vipande vya ubao vya kuiinua, visivyotosha, na vilikuwa hapo tangu wiki aliyooana na mkewe. Meza yenyewe ilitengenezwa na kaka wa mkewe, seremala wa mtaa wa pili, akawapa zawadi ya arusi. Basi kila seremala akija kusalimia, Pimamaji hakumwachia. "Shemeji, miguu hii uliipima kwa futi au kwa kukisia?" Seremala anacheka, anamaliza chai yake, anakwenda zake. Mke alikuwa akifuta meza tu, hata kama ilishafutwa.

Sasa, juu ya mtaa wao kulikuwa na kilima, na kilima kilikuwa kimenyolewa kipara. Miti ilikwisha kwa kuni na mkaa, na kila mvua iliponyesha maji yaliteremka kama yana ugomvi na watu, yakabeba udongo, yakajaza kijito tope siku mbili, ya tatu kijito kikavu. Chemchemi iliyokuwa chini ya kilima ilibaki kudondosha tone, tone, kama bomba bovu. Kina mama walikuwa wakikaa kwenye foleni ya ndoo mpaka wanamaliza habari zote za mtaa na kuanza kuzirudia.

Wakaunda kikundi. Mwenyekiti wao alikuwa muuguzi mstaafu, mama mwenye sauti ndogo ambaye hakuna aliyewahi kumbishia mara mbili. Bibi shamba aliletwa, akawaonyesha: wachimbe makinga maji, mitaro mirefu inayokata kilima kwa ubavu, na juu ya tuta la kila mtaro wapande miche. "Lakini mtaro ulale sawasawa kabisa," akasema. "Maji yasiende popote. Yasimame hapo mpaka ardhi iyanywe, ndiyo yatatokea kwenye chemchemi." Kila mtu akamgeukia Pimamaji. Kwenye mambo ya usawa, nani mwingine?

Kichwa kikamvimba, lazima niseme ukweli. Alifika Jumamosi na mpira wake mwembamba uliojazwa maji, ule wa kupimia usawa wa msingi, upande mmoja akashika yeye na upande wa pili kinyozi wa mtaani, mtu wa maneno mengi. Wakapiga vigingi kilima kizima. Nyuma yao watu wakachimba, mwenye jembe, mwenye sururu, mwenye mdomo tu. Na nyuma ya wachimbaji akaja mke wa Pimamaji, ambaye kikundi kilimpa kazi ya miche. Miche mia nne aliiotesha mwenyewe nyuma ya nyumba, kwenye mifuko ya maziwa aliyoiokota na kuiosha mmoja mmoja. Aliwafundisha wenzake namna ya kukandamiza udongo kwa kisigino. Jioni ile alirudi nyumbani akiimba, na Pimamaji akafurahi kumsikia, maana ilikuwa zamani sana hajaimba.

Mvua ya kwanza ilinyesha wiki tatu baadaye, kutwa nzima. Asubuhi wakapanda kuangalia, na jamani, walishika vichwa. Mitaro ilikuwa mitupu. Maji yote yalikuwa yamekimbilia mwisho mmoja, yakabomoa tuta na kuteremka na miche, mia na kitu, ikalala kwenye korongo mizizi juu.

"Ilipandwa juujuu," mtu mmoja akasema. Mwingine akaitikia kwamba yeye aliona, siku ile kina mama walikuwa wanaharakisha. Maneno ya namna hiyo hayahitaji miguu. Mpaka wanafika chini, mtaa mzima ulikuwa umekubaliana kwamba kosa ni la mke wa Pimamaji. Mwenyekiti akamwambia kwa upole kwamba Jumapili kutakuwa na kikao, na huenda akapumzishwa, miche iliyobaki isimamiwe na mwingine.

Mke hakujitetea. Alifika nyumbani, akavua viatu vya tope, akachukua ndoo ya maji na kuimwaga jikoni ili adeki. Pimamaji alikuwa amekaa kwenye kigoda. Akawa anatazama maji tu. Yalipita chini ya meza, yakazunguka vile vipande vya ubao, yakatoka mlangoni taratibu, yenyewe, bila fagio.

Sakafu ile aliijenga kwa mkono wake mwenyewe.

Alitoka bila kuaga, akampitia kinyozi aliyekuwa na mteja kichwa nusu, wakapanda kilimani na mpira. Mteja naye akawafuata na shuka lake shingoni, maana angefanyaje. Wakapima mtaro wa kwanza. Kila hatua kumi, kigingi kilikuwa kimeshuka kidole kimoja. Mtaro wa pili, kidole kimoja. Wa tatu, hivyo hivyo. Pimamaji alikaa kwenye tuta. Sasa alikumbuka vizuri: maji kwenye mpira yakitulia, kinyozi akisema "tayari", mkono wake mwenyewe ulikigonga kigingi nyundo moja zaidi. Hakuna aliyeuambia. Maisha yake yote mkono ule ulikuwa ukiyafukuza maji, na siku ulipoombwa uyakaribishe, ukafanya ulichozoea.

"Sikiliza, mzee," kinyozi akasema, sauti chini. "Turekebishe kimya kimya. Mimi sijaona kitu. Na huyu," akamgusa mteja, "ananidai nusu ya kichwa, hatasema."

Ushauri ulikuwa mtamu, tusidanganyane. Pimamaji alijiona akishuka kilima jina lake zima. Halafu akamwona mkewe akifuta meza iliyokwisha kufutwa. Aliona haya, haya ya kweli, inayochoma masikio.

Jumapili kikao kilijaa. Mwenyekiti hajafungua mdomo vizuri, Pimamaji akasimama. Alikuwa amekuja na mpira wake, akaunyoosha mbele ya watu kama anaonyesha nyoka aliyemuua.

"Miche ilipandwa sawasawa," akasema. "Mama wa nyumbani kwangu hana kosa, wala wenzake. Mitaro ndiyo imeinama. Kila hatua kumi, kidole. Na vigingi nilipiga mimi." Akaushusha mpira. "Nimekosea."

Kisha bibi mmoja wa nyuma akauliza, "Amesema amefanyaje?"

"Amekosea!" kinyozi akapaza sauti, kwa furaha ambayo haikuwa ya lazima.

Walicheka, wee! Walicheka mpaka mwenyekiti akavua miwani kupangusa machozi. Pimamaji alisimama kicheko kikimwagikia, akashangaa kwamba hakiumi sana. Alimtazama mkewe. Alikuwa hacheki. Alikuwa anamwangalia kama anamwona kwa mara ya kwanza.

Kazi ikarudiwa. Pimamaji alikataa kupima tu, akachimba na mitaro, mgongo ukamlaumu wiki nzima. Kwenye vigingi mkewe ndiye aliyeshika upande wa pili wa mpira, na kila nyundo ilipoinuka mara ya ziada alikohoa. "Kidole hicho, baba." Naye anaishusha bila kugonga. Akakohoa mara tisa kilima kizima, na watu wakawa wanazihesabu kwa sauti.

Mvua ilipokuja tena, Pimamaji alipanda na mwavuli. Maji yalikuwa yamelala kwenye mitaro, mtaro kwa mtaro, marefu, yametulia, hayana haraka na mtu. Mikono ilimwasha. Alitamani kuyatolea njia, na akabaki amejizuia hivyo hivyo, mpaka yakaanza kupungua polepole, ardhi inayanywa. Alishuka amelowa magoti na furaha tele. Mwezi wa pili wa kiangazi chemchemi ilikuwa bado inatoka, mkondo mnene kama mkono wa mtoto, na ndoo inajaa kabla habari za mtaa hazijaisha.

Siku moja mke alirudi na ndoo ya maji hayo, akapika chai. Wakakaa jikoni. Aliweka kikombe mezani, akakisogeza kidogo, akatazama chini kwenye vipande vya ubao.

"Baba," akasema, "na meza?"

Pimamaji alikunywa funda moja. Akanywa la pili. Angeweza kujifanya hakusikia, na mkewe asingeuliza tena, alimjua. Miaka yote ile hakuuliza.

"Meza haina kosa," akasema. "Ni sakafu."

Mke aliangalia nje mlangoni, anapepesa kope haraka haraka, kisha akacheka kidogo, akajifuta uso kwa ncha ya kanga. Pimamaji akavaa viatu.

"Unakwenda wapi? Chai itapoa."

"Funika."

Alikata mtaa, akamkuta seremala karakanani anapiga randa, maranda yamemfika vifundoni. Seremala alipomwona akatabasamu mapema, akingojea mzaha wake wa kila siku.

"Shemeji," Pimamaji akasema, akabaki mlangoni, kofia mkononi. "Twende nyumbani ukanywe chai. Nina neno la kukuambia mbele ya dada yako."