Nguzo ya Shem

Barua ilimfikia Shem kwa mkono wa utingo wa basi la Kitale, naye aliisoma akiwa amesimama mlangoni pa mkahawa wa Peres, River Road, andazi likiwa bado mdomoni. Mwandiko ulikuwa wa mdogo wake, Zadock, lakini maneno yalikuwa ya mkewe, Namalwa. Ardhi nyuma ya nyumba yao, kule juu kwenye miteremko ya Mlima Elgon, imepasuka. Ufa umeanzia kwenye migomba ukapita chini ya jiko, na sasa mkono wa mtu mzima unazama ndani mpaka kwenye kiwiko. Mvua haijakatika tangu Pasaka. Namalwa amepewa mahali pa kuhamia, kiwanja karibu na kanisa, mawe matupu lakini tambarare. Miti imekatwa, nyasi za kuezekea zimefungwa. Mwenye nyumba aje tu asimamishe nguzo.

Hiyo ndiyo ilikuwa desturi ya kwao, na watu hawakuichezea. Nyumba ya mke haijengwi mpaka mume mwenyewe aitie nguzo ya katikati shimoni kwa mikono yake. Mwanamume mwingine akiitia, basi huyo ndiye mwenye nyumba, na mwenye nyumba ndiye mwenye mke.

Chini kabisa Zadock alikuwa ameongeza mstari wake mwenyewe: "Kaka, kama kazi imekubana, nipe ruhusa niisimamishe kwa niaba yako. Mlima haungoji mtu."

Ni mstari huo uliomchoma. Tena Isaiah, seremala rafiki yake, alikuwa amechungulia barua begani pake, na Isaiah hakujua kunyamaza.

"Ndugu yako iko na huruma sana, bana! Leo nguzo, kesho atakusaidia na kitanda!"

Mkahawa mzima ulicheka. Peres, binti wa shangazi yake Shem, hakucheka. Alifuta mikono kwenye aproni akamwambia, "Shem, panda basi kesho asubuhi."

"Bwana mkubwa amekataa kunipa ruhusa."

Uongo mtupu. Hakuwa ameomba ruhusa yoyote. Shem alikuwa fundi wa mawe, na mwezi huo alikuwa Spring Valley akijenga ukuta wa kuzuia bustani ya tajiri mmoja isiteremke mtoni. Yeye mwenyewe ndiye aliyeuona ufa kwenye nyasi za yule bwana, ufa mwembamba kama uzi, akamwambia kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Bwana alicheka sana, akamwambia aujenge basi, akampa na vibarua sita wa kuwasimamia. Hapo Shem akaanza kuitwa fundi mkubwa. Aliogopa kwamba akienda zake wiki moja tu atarudi akute mtu mwingine ameshika timazi yake. Ufa wa uzi kwa mwenzake aliuona. Wa kuzamisha mkono kwake mwenyewe akaupa kisogo. Mtu wa namna hiyo utamwambia nini?

Akajibu barua siku hiyo hiyo, juu ya kaunta ya Peres, Isaiah akitazama. Aliandika kwa herufi kubwa: "Nguzo yangu haishikwi na mtu. Ningojeni, nakuja mwisho wa mwezi. Na wewe Zadock, ukiigusa usiniite ndugu." Isaiah alimpiga begani, akasema sasa hapo amesema kiume.

Siku ya kumi na mbili redio ya mkahawani ilitangaza maporomoko ya ardhi Mlima Elgon. Nyumba kumi na moja zimefunikwa, alfajiri, watu wakiwa bado wamelala. Kijiji kilichotajwa kilikuwa chao. Shem alikimbia mpaka stendi, akaambiwa madaraja yamechukuliwa na maji na hakuna basi litakalopanda huko. Akarudi kwa miguu mpaka chumba chake cha kupanga kule Waithaka, akaketi sakafuni.

Watu wa kwao waliokuwa mjini walikuja kumlilia. Walileta mikeka, sukari na unga, wakaimba nyimbo za kanisa mchana kutwa, na Shem alilia mpaka sauti ikapotea. Hakuwaficha tena kitu. Aliwaambia hakuomba ruhusa. Alijipiga kifua akisema, "Mungu wangu, si heri ningemwachia Zadock! Angeishika nguzo mara mia! Wangekuwa hai!" Hata Isaiah aliinamisha kichwa.

Siku ya nne, saa tisa mchana, Namalwa akatokea mlangoni. Mtoto mdogo mgongoni, binti yao Nekesa mkononi, matope makavu mpaka magotini.

Wanawake walipiga vigelegele vya kuvunja mabati. Peres alimwangukia Namalwa shingoni. Shem aliwakumbatia wote watatu kwa pamoja, akawanusa watoto vichwani, akacheka, akalia tena. Chai ikaletwa. Namalwa akaeleza kwamba nyumba imekwenda yote, jiko, migomba, ng'ombe na zizi lake.

"Na nyinyi mlikuwa wapi?" Peres akauliza.

"Kwenye nyumba mpya. Kule kanisani."

Isaiah alimtazama Shem, kisha akatazama kikombe chake, na mdomo wake ulikuwa na kicheko kidogo. Shem alikiona. Ile furaha yote ikamtoka usoni.

"Nguzo ilishikwa na nani?"

Namalwa akamjibu. "Na Zadock. Alitusomea barua yako yote kwa sauti, hakuruka neno. Halafu akaikunja, akaenda kuchimba shimo."

"Na usiku alilala wapi?"

"Shem!" Peres alimkemea. Lakini neno lilikuwa limeshatoka, na watu wote walikuwa wamelisikia.

Namalwa aliweka kikombe chini. Hakupaza sauti.

"Baba Nekesa, tumevuka mto kwa kamba. Tumetembea siku mbili na watoto hawa, tukapanda lori la mahindi. Na wewe unaniuliza alilala wapi. Alilala nyumbani kwake, mteremkoni chini ya ule ufa. Nilimwambia ahame na sisi. Akasema nyumba yake ataisimamisha wiki ijayo, kwanza watoto wa kaka. Wanaume wamechimba mpaka wamechoka na hawajampata. Nimekuja kukuita ukachimbe."

Nekesa alimaliza mkate wake, akaomba mwingine, na Peres akamkatia.