Honi ya Mama Mkwe

Kuna watu hupumzika kwa kulala, na kuna watu hupumzika kwa kutazama treni. Shangazi alikuwa wa kundi la pili, na ukimcheka shauri yako. Kila alasiri alifunika cherehani yake, akajitanda kitambaa, akaenda stesheni kuu kukaa kwenye benchi la mwisho wa jukwaa, pale paa la vioo linapoishia na abiria hawafiki. Hakuwa na safari wala mgeni wa kumpokea. Alikwenda kutazama vichwa vya treni, basi.

Wagonjwa wa ugonjwa huo walikuwa wengi, na mkubwa wao alikuwa Kinyozi, mtu mkavu aliyenyoa nusu ya mji na kununiana na nusu nyingine. Kila kichwa cha treni walikipa jina la utani. Bwana Harusi alikuwa yule anayeng'aa na kuchelewa. Mama Mkwe alikuwa yule mwekundu aliyepiga honi tangu mbali, honi nene yenye mkwaruzo, mpaka watu wazima wakakaa vizuri bila kujua kwa nini. Sheria yao ilikuwa moja: hutaji jina mpaka uisome namba ubavuni kwa macho yako mwenyewe. Kinyozi aliwahi kumfukuza shemeji yake kwa kudai ameona kichwa kilichopita huyo shemeji akiwa msalani!

Basi Shangazi alikuwa anawaibia wenzake, maana macho yalikuwa yameshamuaga. Dunia aliiona kama mtu anayetazama kupitia kitambaa kilicholowa povu la sabuni. Mwanga ulimiminika kutoka kwenye vioo vya paa, watu wakapita bila nyuso, na treni ziliingia kama rangi kubwa zinazopumua, zikasimama kidogo, zikayeyuka. Tena, kusema kweli, palikuwa patamu hivyo hivyo. Nguo alishona kwa kupapasa, treni alizitaja kwa sikio, na hakuwahi kukosea.

Aliyemtia hofu ni bintiye, muuguzi. "Mama," alikuwa amemwambia, "siku nitakapojua huoni, stesheni basi. Ukingo ule si wa mchezo." Na binti yule akisema kasema.

Siku moja akatokea ghafla, bado na sare yake ya kazi, akaketi benchini kando ya mama yake. "Haya mama, hii inayokuja ni nani?"

Shangazi akageuza sikio upande wa reli. Mara, kutoka mbali, ikaja honi nene yenye mkwaruzo. Akashusha pumzi.

"Mama Mkwe huyo! Namba yake naisoma hata nikiwa usingizini."

Benchi zima likatazamana. Lo! Mama Mkwe alikuwa ameshakatwakatwa kuwa chuma chakavu kule karakana, wiki ile Shangazi alipolala na homa, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia. Honi yake, kwa kuwa bado nzima, mafundi waliifunga kwenye kichwa kipya cha kijani, na hii ndiyo ilikuwa safari yake ya kwanza. Bintiye aliiona namba, lakini namba tupu ingemwambia nini? Akamgeukia Kinyozi.

"Eti baba, ndiye?"

Kinyozi akakitazama kile kichwa cha kijani. "Ndiye. Mama Mkwe mwenyewe."

"Basi nimeridhika," bintiye akasema, akabeba mkoba wake. "Nisamehe mama, nimekupima kama mtoto." Akaanza kuondoka.

Shangazi angepaswa kufurahi. Lakini ile sauti ya Kinyozi ilikuwa imekauka, na ile rangi iliyokuwa ikiyeyuka mbele yake, alipoikazia, haikuwa nyekundu hata kidogo. Akaelewa. Amekosea, na mtu aliyemfukuza shemeji yake amesema uongo mbele ya benchi zima kwa ajili yake. Aibu ikamshika, na huruma, na mapenzi pia.

"Mwanangu, rudi. Huyo si Mama Mkwe. Kinyozi amenisitiri tu. Mimi sioni, nasikia."

"Ah, Shangazi!" Kinyozi akaruka. "Mara moja tu maishani nadanganya, nawe unanichongea!"

Bintiye hakugomba, na hilo lilikuwa baya zaidi. Akamshika mama yake mkono. "Twende nyumbani."

Shangazi akainuka bila ubishi. Wakaenda polepole katikati ya ule mwanga mzito, naye moyoni akiziaga zote, moja moja kwa majina, machozi yakimtoka. Walipofika kwenye nguzo ya kwanza ya paa, nyuma yao kitu kikaja kikivuta mabehewa kwa shida. Miguu ya Shangazi ikasimama yenyewe. Bintiye naye akasimama, akamtazama usoni.

"Na huyo ni nani?"

"Usinitanie, mwanangu. Nimeshakwambia sioni."

"Sijakuuliza kama unaona, mama. Nimekuuliza ni nani."

Shangazi akatega sikio. "Kikohozi huyo," akasema. "Ana kifua tangu azaliwe."

Kule benchini Kinyozi alikuwa ameshasimama, ameinamia namba. "Ndiye!" akapaza sauti. "Haki ya Mungu, ndiye!"

Bintiye akamvuta mama yake hadi kwenye benchi lililokuwa karibu na nguzo, mbali na ukingo, akamkalisha. Naye akakaa, akavua viatu vyake vya kazi.

"Haya," akasema, "tumsubiri anayefuata."