Taa ya Darajani

Misimu mitatu ya baridi Ardis alibisha hodi shamba kwa shamba akiomba saini za kudai taa ya onyo, tangu dada yake alipoteleza na gari darajani akafa. Mwishowe wakubwa wa kaunti wakasimamisha mlingoti wenye jicho la mtambo: likiona lami imeshika barafu, taa ya manjano inawaka yenyewe, na mwenye akili hapiti.

Asubuhi hii taa haikuwaka. Ardis akaendesha kwa amani, na palepale darajani gari likamponyoka, likazunguka kama pia, likatumbukia mtaroni kwenye theluji. Alitoka mzima, akauendea mlingoti autukane vizuri. Jicho lilikuwa limevishwa kofia nyekundu ya sufu. Aliijua kitanzi kwa kitanzi; aliifuma mwenyewe, zawadi ya Krismasi.

Mumewe, Verlyn, alikuja na trekta kumvuta, kichwa wazi, masikio yamemwiva kwa baridi.

"Kofia yako iko wapi?"

"Nimeisahau zizini."

Ardis akaitoa mfukoni.

Verlyn akatazama chini. "Taa ikiwaka, lori la kuchukua maziwa yetu haliji. Wiki nzima tunamwaga maziwa, Ardis! Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

"Ningekwambia."

"Nilitaka kukwambia..."

"Lini? Leo umenikwangulia barafu kwenye kioo cha gari, ukanifungia na mlango. Nikakuuliza, niende? Ukanijibuje?"

Trekta likaendelea kunguruma. Verlyn akainama kufunga mnyororo, Ardis akamjibia mwenyewe.

"Ulisema, 'Nenda tu, mke wangu. Taa haijawaka.'"