Teke la Gobore la Mzee Sadala

Maryamu alipanda basi kutoka Korogwe mpaka kwao Handeni kwa kazi moja tu: kuvunja posa ya mama yake. Mama, Bi Mwanaidi, mjane wa miaka mitatu, alikuwa ameposwa na Sadala, mzee mwenye gobore moja na maneno ya kujaza gunia. Mjomba Jabiri, kaka wa mama, ndiye aliyetakiwa kutoa jibu, naye alisema hatajibu mpaka binti asikilizwe.

Basi binti akaja asikilizwe. Alimkuta Sadala kibarazani kwa mama, amekaa kama mwenye nyumba, miguu imenyooshwa, gobore limeegemezwa ukutani, mjomba Jabiri kando yake.

"Shikamoo, mzee," alisema Maryamu, akitazama pembeni.

"Marahaba, mwalimu. Karibu nikumalizie kisa. Mjomba wako anakijua."

Kisa chenyewe Maryamu alikwishasimuliwa na nusu ya kijiji. Nguruwe pori, jike kubwa kama punda, aliingia kwenye mahindi ya Bi Mwanaidi. Sadala akashindilia baruti vidole vinne badala ya vitatu, akatia kipande cha nondo, akafyatua. Gobore likampiga teke, likamrusha toka ukingo wa shamba hadi nyuma ya kichuguu. Nguruwe akafa palepale. Na mzoga? Nani angekwenda kuukagua mzoga wa nguruwe katika kijiji kile? Mtu akitaka kusifiwa kwa windo lisiloonwa na mtu, hatapata mnyama bora zaidi ya huyo.

Maryamu alifundisha fizikia sekondari Manundu, na hakuna kitu kilichomchefua kama mtu mzima anayeropoka mbele ya watu wanaoitikia. Akafungua mkoba, akatoa kipande cha chaki, akaandika mlangoni.

"Kutoka shambani hadi kichuguu ni mita tano hivi, mjomba, au nakosea?"

"Hukosei," alisema Jabiri.

"Nondo ile gramu thelathini. Gobore likijitahidi sana, na baruti nimemwongezea, nondo inatoka kwa mita mia tatu kwa sekunde. Zidisha nusu ya uzito kwa mwendo, kisha kwa mwendo tena, unapata nishati ya jouli elfu moja mia tatu na hamsini. Inatosha kuua nguruwe, sikatai. Lakini msukumo unaokwenda mbele ndio huohuo unaorudi nyuma. Mzee na gobore lake ni kilo sabini. Uzito wa nondo mara mwendo wake ni tisa; gawanya kwa sabini. Anarudi kwa sentimita kumi na tatu kwa sekunde. Kuku wa mama anatembea haraka kuliko hivyo."

Jabiri alikohoa ili asicheke. Maryamu hakuwa amemaliza.

"Sasa tukubali kwamba aliruka. Ili aangukie nyuma ya kichuguu anahitaji mita sita kwa sekunde. Basi nondo ilitoka kwa kilomita kumi na nne kwa sekunde. Mzee, kwa mwendo huo risasi yako haikumpata nguruwe tu. Ilitoka duniani kabisa, na mpaka leo inakwenda. Huyu ndiye mnayetaka kumkabidhi mama yangu? Mtu asiyeweza hata kudanganya kwa kipimo?"

Sadala alirudisha miguu yake. Alitazama mlango ulivyojaa tarakimu, akainamisha kichwa, na Maryamu aliona raha tupu, raha ile ya kumsimamisha mwanafunzi mvivu mbele ya darasa.

Bi Mwanaidi alikuwa amesimama uani na sinia la ugali na mlenda, amesikia yote. Alikuja kibarazani, akaliweka sinia chini, akaketi mkekani.

"Umemaliza, mwanangu?"

"Nimemaliza, mama. Mtu huyu ni mwongo."

"Najua. Tangu siku ya kwanza. Shamba ni langu, nilikwenda asubuhi yake. Hakuna nguruwe aliyekufa pale, wala mtu aliyeruka." Alinawa mikono taratibu. "Lakini tangu tumzike baba yako, hakuna aliyeingia uwanja huu kunisimulia kitu, si cha kweli wala cha uongo. Wewe unanitumia salamu kwa simu ya jirani. Leo ndiyo umekuja, na umekuja kunipigia hesabu."

Maryamu alirudisha chaki mkobani.

"Kaka Jabiri, mjibu kwamba nimekubali." Kisha mama akamgeukia Sadala. "Haya, ulipoangukia kule nyuma ya kichuguu, ikawaje?"

Sadala alimtazama mwalimu kwa woga. "Nilikuta siafu," alisema kwa sauti ndogo. "Siafu wakubwa."

"Wakubwa kama nini?"

"Kama... kama panya, Bi Mwanaidi."

Mama alicheka mpaka akajifuta macho kwa upindo wa khanga. Aibu ilimpanda Maryamu mpaka masikioni. Alijaribu kukumbuka ni lini yeye alimchekesha mama hivyo, akajaribu tena, hakupata.